Darasa la Awali na Lugha Tatu za Mjukuu Wangu

Mwishoni mwa mwaka uliopita binti yangu alinipigia simu kutoka Mwanza akitaka ushauri. Mwanawe, mjukuu wangu wa kwanza, alikuwa ametimiza miaka mitano, na shule mbili zilikuwa mbele yake. Ya kwanza ilikuwa chekechea ya binafsi yenye mchepuo wa Kiingereza, gari la kuwachukua watoto na ada ya kulipwa kwa mihula. Ya pili ilikuwa shule ya msingi ya serikali iliyo jirani, yenye darasa la awali linalofundishwa kwa Kiswahili.

“Baba,” akaniambia, “sekondari yote ni Kiingereza. Mimi nilifika kidato cha kwanza nikakaa miezi kadhaa kama bubu. Sitaki mwanangu apite nilikopita.”

Sikumjibu papo hapo. Hoja yake ilikuwa ya kweli, nami niliyakumbuka machozi yake ya mwaka ule. Lakini nilikumbuka pia machozi yangu mwenyewe, yaliyotangulia yake kwa miaka mingi.

Niliingia darasa la kwanza mwaka 1970, kijijini kwetu Usukumani. Nyumbani hatukuzungumza ila Kisukuma. Kiswahili nilikuwa nimekisikia redioni na kwa karani wa pamba, wala sikukielewa. Siku ya kwanza mwalimu alitwambia tukae, nasi tukabaki tumesimama. Aliyeteleza akasema Kisukuma uwanjani alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nasoma Kiswahili vizuri, na baada ya miaka miwili nilikuwa nakipenda. Upendo huo haujapungua hata leo, ndiyo maana naandika hapa. Hata hivyo, kibao kile sijakisahau.

Watu wengi husema kwamba shule ya serikali ya Kiswahili ni shule ya lugha ya nyumbani, na shule ya Kiingereza ni ya lugha ya kigeni. Historia haikubaliani nao moja kwa moja. Wajerumani walipofungua skuli ya serikali Tanga mwaka 1892, walichagua Kiswahili kwa sababu za utawala: walihitaji makarani na wakalimani watakaofaa pwani na bara. Waingereza nao waliirithi njia hiyo kwa namna yao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kukisimamia katika makoloni ya Afrika Mashariki. Katika madarasa ya juu, hata hivyo, Kiingereza kiliendelea kutawala.

Ndipo ukaja mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari, Elimu ya Kujitegemea ikafuata Machi, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka huohuo. Kwa mtoto wa Tanga mjini au wa Unguja, hapo shule ilikutana na nyumba. Kwa mtoto wa Kisukuma, wa Kihaya au wa Kigogo, alizamishwa katika lugha ambayo mama yake hakuijua. Taifa zima lilikuwa limefungua shule za kuzamisha watoto katika lugha, bila kuziita kwa jina hilo. Zikafaulu: tukapata taifa linaloelewana kuanzia Kagera hadi Mtwara.

Jina lenyewe la elimu ya namna hiyo lilipata umaarufu Kanada. Mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert karibu na Montreal, wazazi wenye kuzungumza Kiingereza waliishawishi shule ya umma ifungue darasa la chekechea ambamo watoto wao wangefundishwa kwa Kifaransa tu. Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto hao, wakachapisha matokeo mwaka 1972. Watoto walijifunza Kifaransa kwa kiwango kikubwa, na Kiingereza chao hakikudhoofika.

Habari hiyo hutajwa sana na wanaotetea chekechea za Kiingereza, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Mwalimu wa St. Lambert aliijua lugha ya watoto, na mwanzoni waliruhusiwa kumjibu kwa Kiingereza, hawakuvishwa kibao. Baada ya muda masomo ya Kiingereza yaliingizwa darasani. Tena lugha waliyoiacha mlangoni ilikuwa lugha yenye nguvu kuliko zote Amerika ya Kaskazini, wakirudi nyumbani wanaikuta redioni, dukani na vitabuni. Lambert mwenyewe baadaye alitofautisha hali mbili: ile ambamo lugha ya pili huongezwa juu ya ya kwanza, na ile ambamo ya pili huiondoa ya kwanza.

Mfano wa Hawaii unaonyesha upande wa pili. Sheria ya mwaka 1896 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na baada ya vizazi vichache watoto wenye kusema Kihawaii wakawa wachache mno. Mwaka 1984 wazazi walianzisha chekechea zao wenyewe, Pūnana Leo. Waliigiza mfano wa Wamaori wa New Zealand, waliokuwa wameanzisha zao mwaka 1982. Mwaka 1987 shule za umma zikafungua madarasa ya Kihawaii. Huko, chekechea ya binafsi ilianzishwa ili kuiokoa lugha ya mababu. Kwetu, mara nyingi, mzazi huilipia ili mtoto aiache mapema.

Siwalaumu wazazi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mtoto akaendelea kuvuka daraja lililokatika katikati, kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Milango ya shule za binafsi ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mwenye uwezo alimvusha mwanawe kwa njia nyingine. Nani angemkataza?

Basi nilimpigia binti yangu. Nilimwomba tu aende shule zote mbili akaulize jambo moja: mtoto akijibu kwa lugha asiyotakiwa kuitumia, mwalimu hufanya nini?

Alikwenda. Katika chekechea ya binafsi aliambiwa kwamba lugha nyingine yoyote ni marufuku kuanzia getini. Katika darasa la awali la serikali watoto walikuwa wengi kuliko mikeka, na hilo lilimsumbua sana. Lakini alimwona mtoto mmoja akijibu kwa Kisukuma. Mwalimu akacheka naye, akalirudia neno lile kwa Kiswahili, kisha akaendelea.

Akamwandikisha hapo. Kiingereza atamtafutia mwalimu wa jioni, kwa sehemu ndogo ya ile ada. Sidai kwamba amefumba tundu la kidato cha kwanza. Tundu hilo lipo, na litamngoja kijana.

Mimi nami nilikuwa na deni. Nilipokuwa nawalea wanangu mjini niliwasemesha Kiswahili peke yake, kana kwamba kibao kile bado kilikuwa shingoni mwangu. Kwa hiyo mjukuu wangu alikuwa hawezi kuongea na mama yangu, aliye hai bado kijijini. Tumekubaliana aje kila likizo.

Likizo ya kwanza alifika saa tisa alasiri. Alikuwa amefundishwa salamu moja garini, akamkimbilia bibi yule akapaza sauti: “Mwangaluka!” Hiyo ni salamu ya asubuhi. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika mkono, akamjibu kwa salamu ya jioni, polepole, ili aisikie: “Mwadila.”