Urithi wa Mlinganyo: Maelezo ya Hesabu kutoka Pambizo za Vitabu hadi Chapa ya Kompyuta

Historia ya maandishi katika mwambao wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata tenzi, tarikhi na barua. Maandishi ya hesabu hayakupewa nafasi kubwa, ingawa yamegawa mashamba na kuamua riziki za watu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo la kuambatanisha nambari na maelezo yake, ambalo leo linawashughulisha wapangaji chapa wa kompyuta, ni la zamani katika nchi ya Kwale. Aidha, yataonyesha kwamba kulitatua mara moja hakutoshi, kwa kuwa kila chombo cha kuandikia kinahitaji mtunzaji, na mtunzaji naye anahitaji mrithi.

1. Matini, sherehe na hashia

Waislamu wa pwani ya kusini, kutoka Diani na Msambweni hadi Vanga na Wasini, kwa jumla wamefuata madhehebu ya Shafii. Miongoni mwa vitabu vikuu vya madhehebu hayo ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika elimu hiyo, maneno ya asili huitwa matini, ufafanuzi wake sherehe, na ufafanuzi wa sherehe huitwa hashia. Wachapaji wa Cairo waliuhifadhi mpango huo kwa kuchapa kitabu kimoja katikati ya ukurasa na kingine pambizoni, hata msomaji akaweza kuyaona yote mawili kwa mtazamo mmoja.

Faida ya mpango huo hudhihirika katika mirathi. Mfano mashuhuri ni ule uitwao Minbariya, unaonasibishwa na Ali bin Abi Talib, ambaye husimuliwa kwamba alilijibu swali lake akiwa juu ya mimbari. Mtu amefariki, akaacha mke, binti wawili, baba na mama. Mafungu yao yakipewa asili moja huwa hivi:

3/24 + 16/24 + 4/24 + 4/24 = 27/24

Jumla imezidi mali yenyewe. Wanazuoni hulitatua jambo hili kwa aul, yaani kuipandisha asili kutoka 24 hadi 27, ili kila mrithi apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake. Kama mali ni shamba la minazi 27, mke atapata minazi 3, kila binti 8, baba 4 na mama 4.

Mlinganyo huo ni sahihi, lakini ni bubu. Hausemi kwamba 16 ni fungu la watu wawili, wala hausemi ipi kati ya 4 mbili ni ya mama. Anayeusoma bila maelezo aweza kumhesabu binti mmoja mahali pa wawili, na ukurasa usimkanushe.

2. Uzito wa jambo hili katika Kwale

Katika nchi ya Wadigo jambo hili halikuwa la darasani tu. Kwa mila, Wadigo walifuata ukoo wa mama, na mpwa alimrithi mjomba wake. Uislamu ulipoenea miongoni mwao, sheria ya mafungu ilimleta mbele mtoto wa marehemu, na katika karne ya 20 mizozo baina ya wapwa na watoto ikawa jambo linalojulikana. Mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezithibitisha katika kifungu cha 170, zina mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kusikilizwa huko. Pahali ambapo ardhi ya ufukweni imepanda thamani kama Diani, kutenganisha nambari na jina la mwenyewe ni kufungua mlango wa dhuluma.

3. Kutoka risasi hadi makro

Herufi za risasi ziliifanya kazi ya kupanga hesabu kuwa ngumu na ghali. Hata hivyo mafundi wa mashine za Monotype waliifikisha kwenye ubora mkubwa. Upigaji chapa kwa picha ulipochukua nafasi ya risasi, ubora huo ulishuka. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Stanford nchini Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, akachukizwa na sura yake. Hapo akaanza kuunda programu ya TeX. Juu ya TeX, Leslie Lamport alijenga LaTeX, ambayo mwongozo wake ulitolewa mwaka 1986. Hii ni hazina ya makro, yaani amri fupi zinazosimama mahali pa amri nyingi.

Kifurushi cha annotate-equations ni tawi la mti huo. Hukitia alama kipande cha mlinganyo kwa rangi, kisha hukivutia mstari hadi kwenye maelezo yaliyo juu au chini yake. Huegemea TikZ, hazina ya kuchorea iliyoundwa na Till Tantau. Waraka hauna budi kupitishwa mara mbili: mara ya kwanza programu huandika mahali pa kila kipande katika faili la kando, na mara ya pili huchora mistari. Hali kadhalika, maelezo hayo hayajitengei nafasi ukurasani. Mwandishi asipoiacha nafasi kwa mkono wake, huangukia maneno ya jirani. Kwa kweli, hii ndiyo hashia iliyozaliwa upya.

4. Utunzaji na urithi wake

Knuth aliifunga TeX mwaka 1990, asiruhusu ila masahihisho ya makosa, na nambari za matoleo yake zinaikaribia pai bila kuifikia. Vifurushi vilivyo juu yake havina raha hiyo. LaTeX hubadilika, TikZ hubadilika, na amri iliyofanya kazi jana yaweza kukwama leo. Mtunzaji hupokea malalamiko, hujaribu mifano ya zamani, na hujizuia kubadilisha jambo litakaloharibu nyaraka za wengine.

Leseni ya LaTeX, katika toleo lake la mwaka 2008, imeweka utaratibu wa urithi. Mtunzaji asipopatikana, anayetaka kuishika kazi hutangaza nia yake hadharani, na baada ya miezi 3 pasipo pingamizi huwa mtunzaji mpya. Mtu wa Kwale hatashangazwa na kanuni hiyo: kitu chenye thamani hakiachwi bila mwenyewe, wala hakichukuliwi kimyakimya.

5. Nafasi ya Kiswahili

Istilahi zipo. Mlinganyo, asili, kiasi, kipeo na kipeuo ni maneno yaliyotumika tangu hesabu ilipofundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za Tanzania baada ya mwaka 1967. Lakini mtoto wa Msambweni huzungumza Chidigo nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha katika madarasa ya juu husoma hesabu kwa Kiingereza. Kwake yeye maelezo ya pembeni ndiyo daraja.

Daraja hilo lina mahitaji yake. "Fungu la binti wawili kwa pamoja" ni maneno marefu, na kibandiko kirefu hugongana na jirani yake. Matini ya Kiarabu nayo huelekea kushoto, ilhali mlinganyo huelekea kulia. Kasoro za namna hii hazigunduliwi na fundi asiyeijua lugha. Hugunduliwa na mtumiaji anayeijua, akamwarifu mtunzaji.

Hivyo basi, kazi ya kutunza vyombo vya chapa haifai kuachiwa idara za hesabu peke yake. Wataalamu wa Kiswahili wamekusanya istilahi kwa bidii. Sasa wanahitajika pia penye ukurasa unaozibeba. Nambari 16 itasomeka daima. Kwamba ni ya mabinti wawili, hilo hudumu maadamu yupo anayeyatunza maelezo yake.