Ufa wa mpaka (kompositi)

Ufa wa mpaka ni mwachano unaotokea pale uzi wa kompositi unapokutana na matrisi, yaani utomvu, metali au kauri inayozishika nyuzi pamoja. Mfano unaojulikana pwani ni boti za faiba: nyuzi za kioo zenye unene wa mikromita 10 hadi 20 hivi, zilizoloweshwa utomvu wa poliesta ukaganda.

Ufa unaopasua utomvu ukiufikia uzi, ama huukata na kusonga mbele, ama hugeuka na kufuata ubavu wake. Mwaka 1964, J. Cook na J. E. Gordon wa Uingereza walionyesha kwamba mbele kidogo ya ncha ya ufa kuna mkazo unaovuta sambamba na njia ya ufa, na kilele chake ni kama sehemu ya tano ya mkazo mkuu. Mpaka usioweza kuuhimili hubanduka kabla ufa haujafika. Ufa ukifika hukuta mwanya, ncha yake ikawa butu. Kwa hiyo mshiko mkali kupita kiasi ni hasara: nyuzi hukatika kwa mkupuo mmoja, kama kioo cha dirisha.

Mshiko hafifu mno nao haufai, kwa kuwa mzigo hupita kwenye mpaka ndipo uufikie uzi. Kwa hesabu ya Kelly na Tyson (1965), uzi wa mikromita 10 wenye nguvu ya megapaskali 2,000, ukishikwa kwa megapaskali 20, sharti uwe na urefu wa nusu milimita ndipo ubebe mzigo wake wote. Mshiko ukipungua nusu, itahitajika milimita nzima.

Mvunjiko wenyewe hutoa ushahidi. Chini ya hadubini ya elektroni, nyuzi zilizochomoza zikiwa safi huonyesha mpaka dhaifu. Zilizogandwa na mabaki ya utomvu huonyesha mpaka imara. Nyuzi za kioo hupakwa silani ili zishike, ilhali katika kompositi za kauri nyuzi hupakwa kaboni au boroni nitridi makusudi ili mpaka uachie.

Adui mkubwa wa mpaka ni maji. Mkonge huathirika zaidi ya kioo: hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa na kuacha mwanya. Ndiyo maana nyuzi zake mara nyingi huoshwa kwa soda kali kabla ya kutiwa utomvu.