Kutangaza Google kwa Malipo ya Kila Mbofyo: Namna ya Kuilinda Mali Yako na Dhima Yako



Familia nyingi za visiwani zimetuuliza suali hili kwa sura mbalimbali: wenye nyumba ndogo za wageni, wanaotembeza wageni mashamba ya viungo, na mawakala wa safari za Hijja na Umra. Wanasema: tumeweka tangazo Google, pesa zimekatwa kila siku, na mteja hakuja. Je, tumedhulumiwa? Na je, muamala wenyewe unafaa? Tutayajibu yote mawili, na tutaanza na namna muamala unavyokwenda, kwani hakihukumiwi kitu kabla ya kufahamika.

Muamala ukoje

Mtu anapoandika anachokitafuta Google, baadhi ya majibu anayoletewa huwa na alama ya kuonesha kuwa yamelipiwa. Mwenye tangazo hilo halipi kwa kuonekana kwake, bali hulipa pale mtu anapolibofya. Utaratibu wa kunadi nafasi kwa bei ya mbofyo ulianzishwa Marekani mwaka 1998 na kampuni ya GoTo ya Bill Gross. Google ilifungua huduma yake ya AdWords mwaka 2000, ikaingiza malipo ya kila mbofyo mwaka 2002, na tangu mwaka 2018 huduma hiyo inaitwa Google Ads.

Kila mtu anapotafuta jambo, hufanyika mnada wa papo hapo. Lakini mwenye pesa nyingi si lazima ashinde. Google hutazama bei ya juu uliyoiridhia kwa mbofyo mmoja, na pamoja nayo hutazama ubora: je, tangazo lina uwezekano wa kubofywa? Linalingana na kilichotafutwa? Ukurasa atakaoufikia mtu una anachokitaka? Mwenye akaunti huoneshwa hali ya ubora huo kwa alama kuanzia 1 hadi 10. Kwa kawaida hulipi ile bei ya juu yote, bali kiasi cha kumpita aliye chini yako. Kwa hiyo nyumba ndogo ya Jambiani yenye tangazo la wazi na ukurasa mzuri inaweza kukaa juu ya hoteli kubwa, tena kwa bei nafuu.

Pesa zinavujia wapi

Mara nyingi pesa haziibwi. Huvuja katika sehemu nne.

Ya kwanza ni maneno. Wewe uko Chake Chake na umechagua neno "Pemba". Lakini Pemba ni mji pia, nao uko kaskazini ya Msumbiji. Anayetafuta hoteli ya huko akibofya tangazo lako, umelipa. Ndugu zetu wa kisiwa cha Mafia wana mtihani mkubwa zaidi, kwani duniani neno hilo hutafutwa kwa habari za magenge ya wahalifu, filamu na michezo ya kompyuta. Na "Zanzibar" ni jina la mabaa na kumbi za starehe katika nchi za mbali. Basi usichague jina tupu. Chagua maneno ya mtu aliyekwisha azimia, kama vile "nyumba ya wageni Pemba Tanzania" au "ziara ya viungo Zanzibar", kwa lugha anayoandika mgeni: Kiingereza, Kitaliano, Kijerumani au Kifaransa.

Kisha utaulizwa maneno hayo yafuatwe kwa kiasi gani. Kuna njia pana, ambayo Google huongeza maneno inayoyaona yana maana ya karibu. Kuna ya kifungu, ambayo maana ya kifungu chako lazima iwemo. Na kuna ya halisi, ambayo ndiyo finyu kuliko zote. Mwenye mtaji mdogo aanze na ya halisi na ya kifungu. Pia weka maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyaandika tangazo lako lisitokee: "Msumbiji", "ajira", "ramani", "hali ya hewa", "bure", kila moja kwa lugha ya wanaotafuta. Ndani ya akaunti mna ripoti ya maneno ambayo watu wameyaandika kabla ya kubofya. Isome kila wiki. Hii ndiyo kazi kubwa ya kusimamia tangazo, na ndiyo inayoachwa na wengi.

Ya pili ni mahali. Akaunti hupangwa tangu mwanzo ioneshe tangazo kwa watu walioko mahali ulipopachagua pamoja na wale wanaoonesha hamu napo. Mwenye duka Darajani anayetaka wateja wa mjini tu, akiacha mpango huo atawalipia watu wa ng'ambo wanaosoma habari za Zanzibar. Achague walioko hapo peke yao. Mwenye nyumba ya wageni, kinyume chake, achague nchi ambazo wageni wake hutoka.

Ya tatu ni mitandao mingine. Unapofungua tangazo la utafutaji, mara nyingi unakuta limeruhusiwa pia kutokea kwenye tovuti nyingine nje ya Google. Ondoa ruhusa hiyo unapoanza. Unaokoa pesa, na unajiepusha na tangazo la familia yako kukaa kando ya mambo usiyoyaridhia.

Ya nne ni kutofahamu bajeti ya siku. Ukiweka shilingi 10,000, siku moja Google inaweza kutumia hadi 20,000, kisha ikapunguza siku nyingine. Kwa mwezi haitozi zaidi ya bajeti ya siku mara 30.4, yaani shilingi 304,000. Waliodhani wameibiwa siku moja, aghlabu hili ndilo lililowapata.

Hesabu wageni, usihesabu mibofyo

Tuchukue mfano. Umetumia shilingi 300,000 kwa mwezi, na kila mbofyo ni 500. Umepata mibofyo 600. Watu 15 wamekuandikia, na makundi 5 yamekuja. Kila kundi limekugharimu 60,000. Ikiwa faida yako kwa kundi ni 45,000 kabla ya kutoa gharama ya tangazo, umepata hasara ya 75,000 mwezi huo, ingawa simu ililia na wageni walikuja.

Sasa umesoma ripoti, ukakuta nusu ya mibofyo ni ya watu wa Pemba ya Msumbiji na wanaotafuta kazi. Umeyazuia maneno hayo. Mwezi wa pili umetumia 150,000, na makundi ni yale yale 5. Kila moja limekugharimu 30,000, nawe umebakiwa na faida ya 75,000. Hukuongeza hata senti. Umeziba tu palipovuja.

Ili hesabu hii iwezekane, lazima akaunti iambiwe mgeni anapotuma ujumbe, anapopiga simu au anapoweka nafasi. Bila ya hivyo, ukiiachia Google ikupangie bei, haitojua nani ni mteja na nani ni mpita njia. Na nyakati za masika, wageni wanapopungua, punguza bajeti au simamisha tangazo.

Upande wa sharia

Asili ya miamala ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Hapa kuna huduma inayojulikana, na kuna kiwango cha juu cha bei na cha mwezi ambacho mwenye mali amekiridhia. Lakini yapo mambo ya kuchunga.

Ghishi. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani mna unyevu uliofichwa na ukavu wa juu, akamkemea muuzaji. Tangazo ni juu ya rundo, na ukurasa ni ndani yake. Kuandika bei ambayo mgeni hatoikuta, "ufukweni" na nyumba iko mbali na pwani, au kibali cha Umra ambacho wakala hana, ni ghishi ile ile.

Kubofya tangazo la jirani ili pesa zake ziishe. Wapo wanaoliona hili ni mchezo. Ni kuangamiza mali ya Muislamu mwenzako pasi na haki. Google huchuja mibofyo inayoitilia shaka na kuirudisha, lakini uchujaji wa mtambo haukuondolei dhima. Aliyefanya atubie, arudishe alichopoteza mwenzake au amuombe radhi. Na usibofye tangazo lako mwenyewe. Ndani ya akaunti mna sehemu ya kulitazama bila ya gharama.

Jina la mwenzako. Google huruhusu kwa kawaida kuchagua jina la mshindani kuwa neno la utafutaji. Ruhusa ya Google si fatwa. Ukiandika tangazo kwa namna ya kumfanya mgeni adhani wewe ndiye yule, umemhadaa mgeni na umemdhulumu jirani.

Riba. Tumia kadi inayokata pesa zako zilizomo benki, si ya mkopo inayozidisha deni ukichelewa.

Amana. Wengi wamemkabidhi kijana wa nyumbani au fundi wa mjini. Akaunti iandikwe kwa jina na barua pepe ya mwenye mali, si ya fundi, ili siku mkiachana usipoteze kila kitu. Ujira wake ujulikane kabla ya kazi. Ukiwa ni fungu la pesa zinazotumika, elewa kuwa kila zinapozidi kutumika naye huzidi kupata, basi mtake ripoti ya maneno na ya wageni kila mwezi. Naye kijana ajue kwamba ataulizwa juu ya kila shilingi aliyoiacha ivuje naye anaiona.

Mwenye suali linalohusu biashara yake mahsusi amwendee sheikh wa mtaani kwake akiwa na ripoti mkononi.

Tunamuomba Allah atubarikie katika riziki za halali na atukinge na kula mali za watu kwa batili. Aamiin.

Wallahu a'lam.