Soketi moja jikoni: nani alituzoesha hivi?

Hebu angalia plagi ya birika lako la stima. Pini tatu bapa, na ile ya juu ni ndefu kuliko zingine mbili. Hiyo si urembo. Ile ndefu ndiyo hutangulia kuingia, inasukuma vifuniko vidogo ndani ya soketi, ndio zile mbili zipate njia. Mtoto akichokora hapo na msumari, anapata pamefungwa.

Wazo hili lilitoka Uingereza wakati wa Vita vya Pili. Mwaka wa 1942 iliundwa kamati ya kupanga stima kwenye nyumba ambazo zingejengwa vita vikiisha. Watu 20, mwanamke mmoja tu: Caroline Haslett, injinia aliyekuwa anaongoza chama cha wanawake wa mambo ya umeme tangu 1924. Usalama wa watoto ukawekwa wazi kwenye ripoti ya 1944, na 1947 kiwango cha plagi hii, BS 1363, kikatoka. Kabla ya hapo walikuwa na pini za mviringo za saizi tofauti, plagi ya chumba hiki haiingii kile.

Kulikuwa na shida nyingine: shaba ilikuwa adimu. Kwa hivyo wakachora waya unaozunguka nyumba na kurudi kwenye boksi la fyuzi, na njiani unaweka soketi kadhaa. Ndiyo maana plagi yetu ina fyuzi yake ndani. Yaani mfumo mzima ulitengenezwa ili soketi ziwe nyingi bila kumaliza waya.

Sisi tulichukua plagi, hilo lingine tukaliacha huko. Ingia nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi: jikoni soketi moja, ukibahatika mbili. Kila kitu kinaning'inia kwa ekstensheni. Na hesabu ni rahisi: ampea 13 mara volti 240 ni kama wati 3,100. Birika wati 2,000, maikrowevu 1,200, tayari umepita, na friji bado inangoja. Halafu tunashangaa plastiki ikinuka.

Kama unarekebisha jikoni, tafadhali mwite fundi wa stima kabla ya fundi wa vigae. Simama naye hapo, onyesha kwa kidole: friji hapa, birika pale, blenda huku, zote mbali na sinki na moto wa jiko.

Mimi nilikumbuka vigae vikiwa vimeshakauka. Friji yangu inakaa sebuleni, kando ya tivii.