Rangi ya chungwa kwenye sahani ni kinga ya macho

RANGI ya karoti, boga, embe na papai hutokana na kemikali za mimea ziitwazo karotenoidi. Mwanakemia Mjerumani, Heinrich Wackenroder, alizitenga kutoka kwa karoti mnamo 1831, na ndipo likazuka jina karotini.

Iliyo muhimu zaidi kwa lishe ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hii huanza kwa kutoona vyema magharibi inapoingia. Asipotibiwa, sehemu ya mbele ya jicho hukauka na kufanya vidonda, naye huweza kupofuka kabisa. Aidha, kinga yake hudhoofika, hivyo surua na kuhara huweza kumuua.

Hata hivyo, rangi pekee haitoshi kuwa kipimo. Umanjano wa mahindi hutokana hasa na luteini na zeaksanthini, ambazo hulinda jicho lakini hazigeuki kuwa vitamini A. Mahindi meupe, yanayosagwa kwa ugali katika nyumba nyingi nchini Kenya, hayana karotini ya kutajika. Kinyume chake, sukuma wiki, mchicha na majani ya kunde yana karotini tele, ila rangi yake hufunikwa na ukijani.

Kwa familia isiyomudu maini, mayai na maziwa kila mara, viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni msaada mkubwa. Takriban gramu 125 za viazi hivyo vilivyochemshwa zaweza kukidhi mahitaji ya siku nzima ya mtoto mdogo. Mnamo 2016, mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa juhudi za kuongeza virutubishi katika mazao, viazi hivi vikiwemo.

Upishi nao una sehemu yake. Karotini huyeyuka katika mafuta, si maji. Kwa hivyo mboga zilizopikwa na kutiwa mafuta kidogo huunufaisha mwili zaidi kuliko mbichi. Wanaokausha mboga nao hushauriwa kuzianika kivulini, kwa kuwa jua kali huiharibu karotini kabla haijafika chunguni.