Vipande vya Nyama Vilivyofika Mulago kwa Posta

Kuna saratani inayoitwa dunia nzima kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji. Wataalamu wa patholojia wa chuo cha Makerere, Kampala, ambao makabati yao ndiyo yaliyoipa saratani hiyo ushahidi, hawajulikani nje ya fani yao.

Kisa chenyewe kimesimuliwa mara nyingi. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Haikupita muda mrefu, Burkitt akiwa Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule ameketi nje na mama yake. Huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo. Yote hayo ni kweli. Kasoro ya masimulizi haya ni kwamba yanamfanya daktari mmoja aonekane kana kwamba alianza na mikono mitupu, ilhali ng'ambo ya uwanja wa hospitali palikuwa na idara ya patholojia ya Makerere iliyokwisha kukusanya ushahidi kwa miaka mingi.

Idara hiyo iliongozwa na Jack Davies, Mwingereza aliyefika Uganda miaka ya 1940. Davies alikuwa mtu wa chumba cha maiti na vilevile mtu wa karatasi. Mwaka 1948 alieleza ugonjwa wa moyo aliokuwa akikutana nao tena na tena alipopasua maiti: utando wa ndani wa moyo umegeuka kovu jeupe, gumu, na moyo hauwezi tena kutanuka ujae damu. Ugonjwa huo bado unawaua vijana wa nchi za joto. Alipenda historia pia, kiasi cha kuandika makala nzima kuhusu tiba katika ufalme wa Bunyoro-Kitara, ambako msafiri Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe.

Lakini jambo lake kubwa halikuhitaji kisu. Mwaka 1951 alianzisha sajili ya saratani ya Kampala ndani ya idara ya patholojia. Kila saratani iliyothibitishwa iliandikwa pamoja na umri wa mgonjwa, jinsia yake na mahali anapotoka. Kazi ya kuchosha, ya ukarani hasa. Wakati ule madaktari wengi wa kikoloni waliamini kwamba saratani ni nadra kwa Waafrika, na waliamini hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu. Davies na wenzake walirudi nyuma pia, wakachambua kumbukumbu za hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897. Humo walikuta saratani za kila namna, ukiwemo uvimbe wa taya kwa watoto. Ugonjwa ulikuwepo zamani, ila haukuwa umepewa jina.

Kwa nini haukupewa? Jibu liko katika namna maabara inavyofanya kazi. Kipande cha nyama kikitoka chumba cha upasuaji hutiwa kwenye fomalini kisioze. Baadaye hupitishwa kwenye spiriti, ya hafifu kwanza kisha ya kali, mpaka maji yote yatoke, ndipo kinapozamishwa kwenye nta iliyoyeyuka. Nta ikishaganda, fundi huikata kwa wembe wa mashine, utando mmoja baada ya mwingine, kila mmoja unene wa sehemu chache za elfu za milimita. Utando huelea juu ya maji ya uvuguvugu mpaka mikunjo itoweke, kisha fundi huuopoa kwa kioo. Rangi moja hutia viini vya seli zambarau, nyingine hutia waridi sehemu zilizobaki. Kazi ya mikono ya fundi ndiyo inayoamua daktari ataona nini kwenye hadubini.

Na daktari huona kile alichoambiwa atazame. Uvimbe ukitoka tayani uliitwa sarakoma ya taya. Ukitoka kwenye figo, jicho au ovari ulipewa jina la saratani ya kiungo hicho. Ni watoto wale wale, ugonjwa ule ule, lakini vioo vyao vilikaa kwenye makabati tofauti. Mmarekani Gregory O'Conor alipojiunga na idara, yeye na Davies walizitazama upya saratani za watoto zilizokuwa kwenye sajili. Mwaka 1960 walichapisha matokeo: karibu nusu zilikuwa limfoma, uvimbe wa seli za kinga. Chini ya hadubini seli hizo hujaa nyeusi tititi, na katikati yake zimetawanyika seli kubwa nyeupe zinazomeza zilizokufa; wataalamu huiita sura hiyo anga la nyota. Dennis Wright, aliyefika mwaka huohuo wa 1960, aliendelea kuichambua seli kwa seli.

Mwishoni mwa 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja moja kama zimewahi kuona watoto wa namna hiyo. Ramani ilijichora: kama malaria, ugonjwa ulifuata nchi za joto na mvua, ukakwepa nyanda za juu. Unguja na Pemba, ambako malaria ilidhibitiwa, ulikuwa nadra.

Davies alikwenda Marekani, na kuanzia 1962 idara ikawa chini ya Michael Hutt. Hapa ndipo pana somo hasa la uongozi wa huduma ya patholojia, na ajabu ni kwamba halina tukio la kusisimua hata moja. Hutt alizifungulia mlango hospitali za mikoani, za serikali na za misheni: tutumieni kipande cha nyama kwa posta, mtajibiwa bila malipo. Daktari aliyekuwa peke yake mamia ya kilomita kutoka Kampala alipata jibu kuhusu mgonjwa wake, na idara ikapata kitu ambacho hospitali ya rufaa haiwezi kukipata kwa kusubiri wagonjwa wanaomudu nauli, yaani picha ya nchi nzima. Mwaka 1965 Hutt na Burkitt waliweza kuchapisha mtawanyiko wa saratani Afrika Mashariki, aina kwa aina.

Hutt aliondoka 1970. Mwaka uliofuata Idi Amin alitwaa madaraka, na walimu wa kigeni wakatawanyika. Idara ilibaki mikononi mwa raia wa Uganda, akiwemo Profesa Raphael Owor, waliofundisha katika miaka ambayo kemikali za maabara zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Sajili ilidhoofika, ikasimama. Uandikishaji ulirejea rasmi mwaka 1989, baadaye ukaongozwa na Henry Wabinga, mtaalamu wa patholojia wa idara ileile.

Takwimu za 1989 hadi 1991 ziliwashtua wasomaji wake. Sarakoma ya Kaposi, ambayo Kampala ya Davies iliijua kama ugonjwa wa miguu ya wanaume watu wazima, sasa ilikuwa karibu nusu ya saratani zote za wanaume. Sababu ni Ukimwi uliokuwa umeingia. Kwingi barani madaktari waliona ongezeko hilo kwa macho tu. Kampala waliweza kulipima, kwa kuwa walikuwa na hesabu za miaka ya 1950 za kulinganishia.