Anayetunga dawa ya kansa ni nani? Kutoka Basel mpaka kwetu Kilombero

Juzi nilikuwa kafe moja pale Ifakara mjini, dogo mmoja wa kidato cha nne aliyekaa mashine ya jirani akaniuliza: kaka, hivi dawa ya kansa anaitunga daktari au nani? Nikamjibu kwa kifupi maana dakika zangu zilikuwa zinaisha. Jibu refu ni hili.

Daktari anaiandika tu. Anayeitunga ni mkemia wa dawa. Anaunganisha kaboni, naitrojeni na wenzake mpaka apate molekuli yenye umbo la kuingia mahali panapotakiwa mwilini na isiingie pengine. Hapo kwenye "isiingie pengine" ndipo penye kazi! Dawa za zamani za kansa zinapiga kila seli inayogawanyika haraka, ndio maana mgonjwa ananyonyoka nywele na kutapika.

Mfano mzuri kuliko yote ni imatinibu, inayouzwa kwa jina la Glivec. Inatibu aina moja ya saratani ya damu inayokwenda polepole. Mwaka 1960 jamaa wawili kule Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona wagonjwa hao wana kromosomu moja fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 mama mmoja wa Chicago, Janet Rowley, akaonyesha kwamba kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Pale zilipoungana panatengenezwa kimeng'enya kinachoitwa BCR-ABL, na hicho hakizimiki. Kinaiamuru seli igawanyike usiku na mchana.

Sasa kimeng'enya hicho kina tundu ambalo chakula chake cha nguvu, ATP, huingia. Ukivunjia kijiti ndani ya kufuli, ufunguo wenyewe hauingii tena, si ndio? Mkemia Jürg Zimmermann wa kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, alitafuta kijiti hicho katika timu moja na Nicholas Lydon. Molekuli waliyoanza nayo ilikuwa dhaifu na iliziba vimeng'enya vingine pia. Zimmermann akawa anaongeza kipande, anapima, anaongeza kingine. Methili moja tu, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, ilipowekwa kwenye kona fulani, molekuli ikaacha kugusa kimeng'enya kisichohusika. Kisha akabandika kipande cha kuifanya iyeyuke kwenye maji ili iwe kidonge cha kumeza. Kumbukeni hiyo methili mkimwona mwalimu wa kemia anachora pembe sita ubaoni na nyie mnasinzia.

Daktari Brian Druker wa Oregon alianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998. Kati ya 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ilirudi kawaida. Marekani ikaipitisha Mei 2001. Baadaye ikaonekana kansa nayo ni mjanja, inabadili umbo la lile tundu, kwa hiyo wakemia wakarudi mezani wakatoa dasatinibu (2006), nilotinibu (2007) na ponatinibu (2012).

Kilombero inaingiaje? Bwana Rudolf Geigy, wa ukoo wenye kampuni ya J.R. Geigy, ndiye aliyeanzisha Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki kule Basel mwaka 1943, na miaka ya 1950 akafungua maabara Ifakara. Maabara hiyo ndiyo mama wa taasisi ya utafiti wa afya tunayoijua leo. Kampuni ya ukoo iliungana na Ciba mwaka 1970, kisha na Sandoz mwaka 1996 ikawa Novartis. Yaani mji uliotuletea maabara ya mbu ndio uliotoa kidonge hiki.

Ila kidonge kuwepo duniani na kukufikia Kisawasawa ni mambo mawili. Jirani yetu alivimba bandama mpaka shati halifungi. Huku kwetu bandama ni malaria, basi, akanywa dawa za malaria miezi. Siku alipopimwa hesabu ya chembe za damu, nyeupe zilipita laki moja, wakati kawaida hazizidi kama elfu 11. Akapanda basi la Dar, kule Ocean Road, wakampa imatinibu. Bado analima mpunga. Kidonge hicho kilipoanza kuuzwa Marekani kilikuwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi! Wengi wa Afrika walikipata bure kwa mpango wa msaada, na mwaka 2013 mahakama ya juu kabisa ya India iliikatalia Novartis hataza, viwanda vya huko vikaendelea kukitengeneza kwa bei ya chini.

Kwa anayetaka kazi hii: usiikimbie kemia, chukua PCB, halafu digrii ya kemia pale Mlimani au famasia Muhimbili. Na si lazima uende Ulaya. Mzambia Kelly Chibale alianzisha kituo cha H3D Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010, na timu yake ilitoa molekuli ya malaria iliyofika mpaka kujaribiwa kwa binadamu. Nayo inaziba kimeng'enya, safari hii cha mdudu.

Mdau mwenye ndugu anayetumia vidonge hivi, au anayesoma famasia sasa hivi, atumwagie data hapo chini.